Kufupisha, Kubuni na Kuficha

Mtu anayewaonyesha wenzake jambo la zamani ana ruhusa ya kulibadili kiasi gani kabla hajawa mwongo? Mzee anayesimulia, mwalimu anayefundisha historia na mhubiri anayetoa mfano, wote hawana budi kupunguza na kupanga maneno yao. Hakuna awezaye kueleza yote. Basi mpaka uko wapi?

Tumeona vema tulitazame swali hili kwa njia ya kazi moja ya mikono ambayo wengi wetu hatukuizoea, yaani kutengeneza reli ndogo ya mfano juu ya meza, pamoja na vilima, mito, nyumba na miti yake. Twaichagua kwa sababu katika kazi hiyo kila badiliko laweza kupimwa kwa rula, nayo rula haidanganywi kwa maneno mazuri.

Huko Uingereza reli kuu zilikuwa na matawi mengi yaliyoingia vijijini. Tawi ni njia fupi inayoachana na njia kuu na kwenda kuishia katika mji mdogo. Treni yake aghalabu ilikuwa na injini moja na mabehewa mawili, na mkuu wa stesheni aliwajua abiria wake kwa majina. Wazee wa upande wa Muheza huenda walisimuliwa habari za reli nyembamba ya wakati wa Wajerumani, iliyoshusha mbao kutoka Sigi mpaka Tengeni, kwenye reli kuu ya Tanga. Hao watafahamu upesi jambo tunalolisema.

Mwaka 1963 ilitolewa taarifa ya Dkt. Richard Beeching, mwenyekiti wa Halmashauri ya Reli ya Uingereza. Ilipendekeza kufunga stesheni 2,363 na njia za maili zipatazo 5,000. Matawi mengi yakafungwa, reli zikang'olewa, na majani yakaota juu ya matuta. Ndipo watu wengi zaidi walipoanza kuyajenga upya matawi hayo nyumbani mwao, kwa kadi, waya na gundi.

Kazi yenyewe huanza na meza ya mbao. Juu yake hutandikwa reli na mataruma yake. Vilima hufanywa kwa wavu wa waya uliofunikwa kwa karatasi na plasta, majani kwa vumbi la mbao lililotiwa rangi, na miti kwa nyaya zilizosokotwa. Kipimo kinachotumiwa sana huko ni 1 kwa 76, yaani milimita 4 kwa kila futi moja. Mtu mwenye kimo cha sentimita 175 huwa na milimita 23, urefu wa pingili moja ya kidole.

Sisi tuliopitia vyuo vya ualimu hatuwezi kuidharau kazi ya namna hiyo. Tulifundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa udongo, maboksi na vijiti, na tukaambiwa kwamba zana mbaya ni afadhali isiwepo, maana mtoto huamini anachokiona kuliko anachoambiwa. Aliyeonyeshwa mlima usiofanana na mlima atakaa na picha hiyo kichwani miaka mingi.

Mtu mmoja aliyeshika jambo hili kwa moyo wote alikuwa Roye England, kijana kutoka Australia aliyefika Uingereza mwaka 1925. Katika bonde liitwalo Vale of White Horse aliona nyumba za kale za vijijini, zenye mapaa ya nyasi, zikibomolewa au kubadilishwa pasipo mtu kuweka kumbukumbu. Wengine waliokuwapo walisikitika tu. Yeye alichukua kipimo. Alizipima nyumba hizo, akazichora, kisha akazitengeneza kwa kadi, pamoja na bustani zake. Nyumba moja iliweza kuchukua miezi mingi. Mwaka 1954 alianzisha jumba la makumbusho huko Long Wittenham, liitwalo Pendon, na kazi yake inaendelezwa na watu wa kujitolea ingawa mwenyewe alifariki mwaka 1995. Humo mna bonde lile jinsi lilivyokuwa kati ya miaka ya 1920 na 1930, na pia mandhari ya Dartmoor, ambamo treni hupita juu ya daraja refu la mbao.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mjenzi wa reli ya mfano hubadili mambo kwa namna nne, nazo hazina uzito mmoja.

Ya kwanza ni kufupisha. Kwa kipimo cha 1 kwa 76, maili moja yadai meta 21 za sakafu. Tawi la maili 5 lingedai zaidi ya meta 100, nani aliye na chumba cha namna hiyo? Kwa hiyo mjenzi hulazimika kuikata njia, kuisogeza stesheni karibu na daraja, na kuipinda reli kwa kona kali ambayo treni ya kweli isingeweza kuipita. Hilo si kosa. Kila atazamaye ajua kwamba nchi haiingii sebuleni. Vivyo hivyo mzee asimuliaye safari ya siku tatu kwa dakika kumi hamdanganyi mtu, mradi alichokiacha kisigeuze maana ya kile alichokisema.

Ya pili ni kubuni. Padre Peter Denny wa Kanisa la Uingereza alianza, baada ya Vita Kuu ya Pili, kujenga tawi la reli ya Great Central lililofika mji wa Buckingham, kama ambavyo lingekuwa mwaka 1907. Mji wa Buckingham upo, na reli ya Great Central ilikuwapo, lakini tawi hilo halikujengwa kamwe. Denny alilibuni. Hata hivyo alijifunga kwa sheria za kampuni ile: rangi za mabehewa, ishara, na treni kwenda kwa ratiba. Mwenzake, Padre Wilbert Awdry, aliyeandika vile vitabu vya watoto juu ya injini zinazosema, alijenga mfano wa tawi la Ffarquhar, nalo limo katika kisiwa cha Sodor kisichopatikana katika ramani yoyote ya kweli. Je, mapadre hawa walisema uongo? Hasha. Walitangaza wazi kwamba wamebuni. Hata kijiji cha Pendon ni cha kubuni, ingawa kila nyumba imefuata nyumba halisi iliyopimwa katika vijiji mbalimbali vya bonde lile. Hadithi inayojiita hadithi haimwibii mtu kitu.

Ya tatu ni urahisi, na hapa wajenzi wenyewe wamebishana miaka mingi. Reli ya kawaida ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma. Kwa kipimo cha 1 kwa 76 upana huo ungekuwa milimita 18.83. Lakini reli ndogo zinazouzwa madukani zina milimita 16.5. Sababu yake yaeleweka: injini za Uingereza zilikuwa ndogo kuliko za bara la Ulaya, na mota za umeme za siku zile hazikuingia ndani ya injini iliyopunguzwa sawasawa. Basi watengenezaji wakaongeza mwili wa injini, wakaiacha njia ilivyo. Tangu hapo treni nyingi za mezani zimekuwa zikisimama juu ya njia iliyo nyembamba kuliko ilivyopasa, kama mtu mnene aliyevaa viatu vya mtoto.

Wengi husema tofauti ya milimita 2.33 si kitu. Denny hakuridhika, alitandika reli zake mwenyewe kwa upana wa milimita 18, ambao wakaribia kweli zaidi, ingawa haukuifikia kabisa. Hatusemi kwamba anayenunua reli ya dukani ametenda dhambi. Twasema kwamba urahisi hauna budi kutajwa kwa jina lake. Mjenzi asemaye, "Najua njia yangu ni nyembamba, ila sina muda wa kutandika nyingine," huyo ni mkweli. Yule asemaye, "Hivi ndivyo ilivyokuwa," ameanza kuteleza, ijapokuwa ni kwa milimita mbili tu.

Ya nne ni kuficha, na hili ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Katika meza nyingi jua huwaka siku zote. Injini imeng'arishwa, mkuu wa stesheni amesimama na kofia yake, na ng'ombe wanakula majani. Yuko wapi mchochea makaa aliyetoka kazini na mgongo uliopinda? Wako wapi wafanyakazi wa njia waliokaza mataruma kwenye mvua ya baridi? Tena, behewa lile la abiria lilikuwa na watu wangapi? Taarifa ya mwaka 1963 ilionyesha kwamba theluthi moja ya urefu wa njia zote ilibeba asilimia 1 tu ya maili zilizosafiriwa na abiria. Watu walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye mabasi na magari yao. Twaweza kubishana na Dkt. Beeching juu ya uamuzi wake, na wengi wamebishana naye, kwani kijiji kisicho na basi kilipoteza njia yake pekee. Lakini mfano unaoonyesha stesheni iliyojaa watu kila siku wasema jambo ambalo halikuwapo, na hausemi kwamba ni la kubuni. Atazamaye huondoka akidhani kwamba kitu chema kilichopendwa na wote kilinyang'anywa na mtu mmoja mwovu. Ukweli ulikuwa mgumu zaidi: wengi walilipenda tawi lao lakini hawakulipanda.

Huenda msomaji atauliza, haya yatuhusu nini sisi ambao hatuna reli mezani? Yatuhusu sana, kwa sababu kila mtu aliyefika umri wetu ana mfano anaoutengeneza, nao ni wa maneno. Chukueni habari za shule. Wazee hupenda kuwaambia vijana kwamba zamani darasa lilikuwa na utulivu, watoto thelathini na watano wamekaa sawasawa, na mwalimu aliheshimiwa. Ni kweli, madarasa ya namna hiyo yalikuwapo. Lakini nje ya dirisha walikuwapo watoto wa rika lile lile wakichunga mbuzi na kubeba wadogo zao, kwa sababu nafasi hazikuwatosha, au ada haikupatikana, au ni wasichana na baba amekataa. Uamuzi wa Musoma wa mwaka 1974 ulitaka watoto wote waingie shule ya msingi ifikapo 1977. Wakaingia kwa wingi, madawati yakawa haba, na utulivu ukapungua. Anayesifu darasa lile la kwanza bila kuwataja waliokuwa nje amefanya zaidi ya kufupisha. Amewaondoa watu katika habari ambayo ni yao pia, na kijana anayemsikiliza atajifunza kudhani kwamba wenzake waliojaa darasani leo ndio walioleta hasara.

Yuko atakayejibu kwamba mzee ana haki ya kukumbuka mazuri, na kwamba kumbukumbu tamu haimdhuru mtu. Haki anayo, naye akae kivulini akumbuke. Lakini pindi anapomfundisha kijana, au anapotaka jambo la leo lihukumiwe kwa kipimo cha jana, kumbukumbu yake imekuwa ushahidi, na ushahidi una masharti yake.

Kwa hiyo twawashauri wenzetu wajiulize mambo matatu kabla ya kusimulia. Nimekiacha hiki kwa sababu nafasi ni ndogo, au kwa sababu kinaniudhi? Nilichobuni nimekitaja kuwa ni cha kubuni? Na mtu niliyemwacha nje, kama angekuwa ameketi hapa akinisikiliza, angekubali kwamba ndivyo ilivyokuwa?

Roye England alizitengeneza nyumba za maskini kwa uangalifu mwingi, pamoja na viraka vyake na bustani zake za mboga. Aliyependa kitu kweli hukipima kama kilivyo. Sisi wazee wa mtaa huu tumebaki wachache tunaokumbuka mambo kadhaa ya hapa kwetu, na vijana wameanza kutuuliza. Tuwajibu kwa ufupi ikibidi, ila tusimfiche mtu yeyote aliyekuwapo.