Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 17: Mwacheni mzee aseme mwenyewe



Hapa kwetu Handeni na Korogwe wapo wazee ambao mkono unatetemeka hata ukiwa umetulia mapajani, hatua zimekuwa fupi na sauti imeshuka. Tunasema "uzee huo", wengine wanasema "karogwa". Kumbe huenda ni ugonjwa wa Parkinson, ambao daktari wa London, James Parkinson, aliuandikia mwaka 1817. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, ile inayosaidia mwili kutii ukitaka kutembea au kushika kitu, zinakufa kidogo kidogo. Hauponi, lakini dawa za kupunguza shida zipo. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulikuta wagonjwa wengi hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini.

Sasa tuseme Allah amejaalia. Barua ya rufaa imepatikana, nauli imechangwa, tarehe ya kumwona bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu imetoka, iwe KCMC Moshi au Muhimbili. Mkishakaa mbele ya daktari, nani aseme?

Swali hili si dogo. Ugonjwa huu hauna kipimo cha kawaida cha damu kinachotoa jibu. Daktari anasikiliza maelezo, anamtazama mgonjwa anavyotembea na kufungua vidole. Yaani maneno ya mzee ni sehemu ya kipimo.

Na hapo ndipo tunapoharibu, kwa njia mbili.

Ya kwanza, mzee akiulizwa hali, anajibu "sijambo, alhamdulillah". Kalelewa hivyo, anaona kutaja maumivu ni kukosa subira. Lakini Mtume (s.a.w.) alipokuwa na homa kali, Ibn Mas'ud akamuuliza, hakuficha. Alikubali kwamba homa yake ni kama ya watu wawili. Basi nani ana subira kumshinda yeye? Kueleza ugonjwa kwa anayeweza kukutibu si kumlalamikia Mola. Mwambieni mzee hivyo kabla ya safari, taratibu.

Ya pili ni sisi watoto. Tunaona muda unakwenda, mzee anachelewa kujibu, tunadakia. Tunasema yote, yeye kakaa pale kama mzigo ulioshushwa kwenye basi. Tukumbuke ugonjwa huu hukaza uso na kupunguza kasi ya maneno. Kuchelewa kujibu si kwamba hana la kusema. Suratul Israa imetukataza hata kuwaguniria wazazi wakifika uzeeni. Je, kumnyang'anya mzazi sauti yake mbele ya mgeni si zaidi ya kuguna?

Mtu atasema: mbona mzee anasahau, au anaficha kwamba alianguka mara mbili? Nikinyamaza si atapewa dawa isiyomfaa? Kweli kabisa. Kunyamazia linalomdhuru si sitara. Ila dawa yake ni maandalizi ya nyumbani, si kudakia kule.

Baada ya futari kaa naye. "Baba, tukumbushane, mkono upi ulianza? Lini?" Andika kwa maneno yake. Muulize kuhusu harufu ya chakula kama bado anaisikia, choo kigumu, usingizi wa kurusha mikono, huzuni, kuanguka. Kusanya dawa zote anazotumia, hata za miti shamba, maana baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za akili zinaweza kuleta dalili kama hizi. Halafu omba ruhusa: "Nikiona umesahau, nikukumbushe?" Na yale ya aibu, kama mkojo kumponyoka, muulize kama angependa umpishe aseme na daktari peke yake. Hiyo ndiyo sitara.

Kule, akiulizwa, ngoja. Mwezi huu tumezoea kungoja adhana ya magharibi na maji yako mezani. Nusu dakika ya kungoja jibu la mzazi itatushinda?

Na kuhusu funga: kama ameshaanzishiwa dawa za mchana, asiziache ghafla kwa sababu ya Ramadhani, ni hatari. Muulizeni daktari kuhusu dawa, na sheikh kuhusu fidya.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wape wazazi wetu heshima katika udhaifu wao, na utupe sisi masikio ya kuwasikiliza. Amin.

Mtumie na mwenzako mwenye mzee nyumbani. Tukutane kesho in shaa Allah.