Lisemwalo Lipo? Hadithi za Upelelezi na Haki ya Jirani

Methali isemayo “Lisemwalo lipo, na kama halipo laja” twaifundisha mwaka hadi mwaka, na wanafunzi wetu huikariri bila kuihoji. Lakini je, ni kweli kwamba lisemwalo lipo? Na likishasemwa, je, jirani anayo haki ya kulifuatia hadi ndani ya nyumba ya mwenziwe? Maswali haya ni ya maadili, nayo yameulizwa kwa undani katika aina ya hadithi ambayo wengi wetu huidhania kuwa ni ya kupitishia wakati tu: hadithi ya upelelezi wa mji mdogo.

Mtindo wake wajulikana. Katika mji ambao kila mtu amjua mwenziwe, mtu auawa. Polisi wakwama. Ndipo atokeapo raia wa kawaida, asiye na cheo wala mshahara wa kazi hiyo, akafumbua fumbo. Mfano ulio mashuhuri ni Miss Marple, bibi mzee asiyeolewa wa kijiji cha St. Mary Mead, aliyebuniwa na mwandishi wa Kiingereza Agatha Christie (1890–1976). Riwaya ya kwanza ya bibi huyu, The Murder at the Vicarage, ilitoka mwaka 1930. Silaha zake ni bustani yake, sindano zake za kufumia, kikombe cha chai na masikio yasiyolala.

Hapa pana tatizo. Mtu atazamaye nani kaingia kwa nani, na saa ngapi, kwetu huitwa mdaku. Basi mpelelezi wa namna hii atofautianaje na mdaku? Wako watakaosema kwamba tofauti ni matokeo: mpelelezi hupatia, mdaku hukosa. Jibu hilo halitoshi. Mdaku naye mara moja moja hupatia, wala hatumsifu kwa hilo. Isitoshe, matokeo hujulikana mwishoni, ilhali haki ya kuchungulia yatakiwa iwepo tangu mwanzo.

Tuutazame mji mdogo wa Lymstock katika The Moving Finger, riwaya ya mwaka 1942. Barua zisizo na jina la mwandishi zasambazwa nyumba hata nyumba, zikiwatuhumu watu mambo ya aibu. Mambo hayo si ya kweli, lakini wenyeji wanong’ona kwamba hapafuki moshi pasipo moto. Kifo kimoja chatokea, na wote waamini kwamba marehemu kajiua kwa fedheha ya barua. Jina la muuaji hatulitaji, tusije tukamnyima msomaji ladha yake. Yatosha kusema kwamba alikuwa akiitegemea tabia hiyo hiyo ya majirani. Maneno yao, ambayo waliyaona kuwa ndiyo njia ya kumjua mwovu, ndiyo yaliyomfunika.

Jibu lililo bora twalipata katika hadithi fupi iitwayo The Four Suspects, iliyomo katika kitabu The Thirteen Problems cha mwaka 1932. Mzee mmoja aliyekimbilia Uingereza kutoka Ujerumani aanguka ngazini na kufa. Nyumbani mwake mna watu wanne, na mmoja wao hana budi kuwa ana mkono katika kifo hicho. Anayeisimulia habari hii ni Sir Henry Clithering, aliyepata kuwa mkuu wa polisi wa London. Asemalo lastahili kuzingatiwa: linalomsumbua hasa ni wale wasio na hatia, kuliko mkosaji kuponyoka. Maadamu ukweli haujajulikana, hao nao wataishi chini ya kivuli cha shaka, na kila atakayewatazama atajiuliza.

Hapo ndipo ilipo haki ya jirani. Mdaku huchungulia ili apate la kusema. Mpelelezi mwema huchungulia kwa kuwa limekwisha kusemwa, na yuko anayeumia kwalo bila kosa. Wa kwanza huongeza watuhumiwa, wa pili huwapunguza. Hata hivyo tusimtakase Miss Marple kupita kiasi. Yeye hupenda kumfananisha mgeni na mtu fulani wa kijijini kwake, na katika maisha ya kweli kufananisha huko kwaweza kumtia mtu hatiani kwa sura tu. Kunafaa pale tu mtu anapokuwa tayari kuishuku dhana yake mwenyewe.

Fasihi ya Kiswahili nayo haikuachwa nyuma. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupatia Mzimu wa Watu wa Kale, na humo tukamjua Bwana Msa, ambaye naye si askari. Maiti yaonekana mzimuni, mahali penye kutisha na kuvuta maneno mengi, lakini Bwana Msa ashika njia ya hoja na ushahidi. Mwaka 1984 mwandishi huyo huyo alitoa Kosa la Bwana Msa. Anwani hiyo peke yake yatukumbusha kwamba mpelelezi naye aweza kukosa.

Kwa walimu, twapendekeza zoezi moja. Kitenzi kilichomo katika “lisemwalo” ni cha kauli ya kutendwa, na kauli hiyo humruhusu mtenda ajifiche. Hebu wanafunzi waigeuze methali iwe ya kauli ya kutenda. Mara watalazimika kuuliza: nani asemaye? Kaliona, au kalisikia? Na likiwa si kweli, ni nani atakayelilipia? Maswali hayo matatu ndiyo aanzayo nayo mpelelezi wa mji mdogo, nayo yanafaa kuulizwa hata pale ambapo hapana aliyeuawa.