Taifa Linaposema, Nani Husema?

Tuzungumzapo juu ya utamaduni wa taifa, wengi wetu hufikiri kwanza ngoma, mashairi, mavazi na mapishi. Yote hayo ni utamaduni, wala hatuna nia ya kuyadharau. Lakini utamaduni wa watu huonekana pia katika jinsi wanavyotimiza ahadi, wanavyompokea mgeni, na wanavyomwambia jirani ukweli hata unapowagharimu. Kijiji huwa na sifa yake mbele ya vijiji vingine. Na taifa nalo huwa na sifa yake mbele ya mataifa. Siasa ya nchi za nje ndiyo sauti ambayo kwayo taifa husikika nje ya mipaka yake. Kwa hiyo swali tunalokusudia kulichunguza katika makala haya ni la utamaduni kama lilivyo la utawala: taifa linaposema na wenzake, ni nani hasa anayesema?

Katika mila zetu, jamaa wakitaka kuposa humtuma mshenga. Mshenga husema, lakini maneno si yake. Ikiwa njiani ameahidiwa mbuzi na mtu mwingine ili posa ielekee kule anakotaka mtu huyo, basi hata akitamka maneno yale yale aliyotumwa, kwa ufasaha ule ule, hatuwezi tena kusema kwamba jamaa wamesema. Serikali ni mshenga wa wananchi. Nayo makampuni makubwa, ambayo baadhi yake yana mapato yanayozidi yale ya nchi nzima, yana sababu nyingi za kumwita mshenga huyo kando kabla hajafika aendako. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Na mkono wa kampuni mara chache huwa mtupu.

Historia inatuonyesha njia tatu ambazo kampuni huitumia dola katika mambo ya nje. Ya kwanza ni kampuni kuitangulia dola. Kwa mfano wa njia hii hatuna haja ya kwenda mbali. Mnamo Novemba na Desemba 1884 Carl Peters na wenzake walipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakikusanya alama za watawala wa huko juu ya karatasi ambazo wenyewe hawakuweza kuzisoma. Kansela Bismarck hakuwa mpenzi wa makoloni. Hata hivyo, tarehe 27 Februari 1885 dola ya Ujerumani ilizitolea karatasi hizo hati ya ulinzi, na kampuni ikawa mtawala. Mwaka 1888 kampuni hiyo iliposhika pwani iliyokodishwa kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, watu wa pwani, miongoni mwao Abushiri bin Salim, walisimama kuipinga, nayo ikashindwa. Hapo ndipo Berlin ilipomtuma Hermann Wissmann pamoja na jeshi. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, na ilipofika 1891 serikali ya Ujerumani ilikuwa imeichukua nchi yenyewe. Sababu iliyotangazwa kwa Wajerumani ilikuwa kupiga vita biashara ya utumwa. Hivyo basi kosa la wafanyabiashara wachache likavikwa kanzu ya heshima, likawa vita ya taifa zima.

Njia ya pili ni ya watu kukalia viti viwili. Nchini Guatemala, kampuni ya United Fruit ya Marekani ilimiliki mashamba makubwa ya migomba, na mkononi mwake ilikuwamo pia reli ya nchi na bandari ya Puerto Barrios. Rais Jacobo Arbenz, aliyechaguliwa kwa kura mwaka 1950, alipitisha mwaka 1952 sheria ya kugawa kwa wakulima ardhi isiyolimwa ya mashamba makubwa. Fidia ilikadiriwa kwa thamani ambayo wenye mashamba wenyewe walikuwa wameitaja walipokuwa wakilipa kodi. Kwa hesabu hiyo United Fruit ilistahili dola zaidi ya 600,000. Serikali ya Marekani, ikisema kwa niaba ya kampuni, ilidai dola zaidi ya milioni 15. Waziri wa Nchi za Nje wa Marekani wakati huo alikuwa John Foster Dulles, na mkuu wa shirika la ujasusi, CIA, alikuwa ndugu yake, Allen Dulles. Wote wawili walikuwa wametoka katika ofisi ya mawakili iliyowahi kuifanyia kampuni hiyo kazi. Mwezi wa Juni 1954 jeshi dogo lililoandaliwa na CIA liliingia Guatemala, na tarehe 27 ya mwezi huo Arbenz akajiuzulu. Ardhi ilirudishwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1960 havikwisha mpaka 1996, na tume iliyotoa taarifa yake mwaka 1999 ilikadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotea.

Wapo wanahistoria wasemao kwamba Marekani iliongozwa na hofu ya ukomunisti kuliko ndizi. Hatukatai kwamba hofu hiyo ilikuwapo. Lakini tunauliza: hakimu mwenye undugu na mmoja wa wadai atajuaje kwamba hofu aliyonayo ni yake, na si ya nduguye? Hapa si lazima mtu apokee hongo. Yatosha awe amekula na upande mmoja kwa miaka mingi, hata macho ya upande huo yakawa macho yake.

Njia ya tatu ndiyo tunayotaka kuitazama kwa makini zaidi, kwa sababu haina mkuki wala bunduki, na kwa sababu sisi wenyewe tuliilipia. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru ili Waafrika walio wengi wasitawale. Nchi huru za Afrika ziliitaka Uingereza iuvunje uasi huo, la sivyo zingevunja uhusiano nayo. Tanzania ilitimiza neno lake tarehe 15 Desemba 1965, na kwa kufanya hivyo ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekwisha kukubaliwa. Kwa nchi changa iliyokuwa ikihesabu kila senti ya shule na zahanati, fedha hizo hazikuwa chache.

Siku chache baadaye Uingereza ilipiga marufuku mafuta yasipelekwe Rhodesia. Mwezi wa Januari 1966, katika mkutano wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Lagos, Waziri Mkuu Harold Wilson aliwaambia viongozi wenzake kwamba uasi ungekwisha kwa muda wa majuma, si miezi. Mwezi wa Aprili Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiruhusu Uingereza kuzuia kwa nguvu meli za mafuta zisifike Beira, na manowari zake zikalinda bahari hiyo mpaka mwaka 1975. Wakati huo huo ndugu zetu wa Zambia, ambao mafuta yao yalikuwa yakipitia Rhodesia, walibaki kwenye shida kubwa. Malori yaliyosheheni mapipa yaliifuata barabara mbovu kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, usiku na mchana, katika vumbi na katika matope, na madereva wengi walipoteza maisha. Mwaka 1968 likakamilika bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,700, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola.

Majuma yakapita, miezi ikapita, miaka ikapita. Magari ya Rhodesia hayakusimama. Mlango wa Beira ulikuwa na mlinzi, lakini mlango wa Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo, ulikuwa wazi. Mwaka 1978 taarifa ya uchunguzi ulioongozwa na wakili Thomas Bingham, kwa agizo la serikali ya Uingereza yenyewe, ilieleza yaliyotokea. Matawi ya makampuni ya Shell na BP katika kusini mwa Afrika yalikuwa yakiwafikishia walowezi mafuta. Mwaka 1968 ulifanywa mpango wa kubadilishana: tawi la kampuni ya Kifaransa, Total, liwapelekee walowezi mafuta, na makampuni yale ya Uingereza yaipe Total kiasi kama hicho katika Afrika ya Kusini. Serikali ya London iliarifiwa, nayo haikuuvunja mpango huo. Maneno “makampuni ya Uingereza hayauzi mafuta Rhodesia” yakawa kweli kwa sikio na uongo kwa akili. Mwezi wa Desemba 1979 ikatangazwa kwamba hakuna mtu atakayeshtakiwa.

Na tuseme haki. Serikali ya Uingereza iliogopa kugombana na Afrika ya Kusini, ambako raia wake walikuwa na mali nyingi na biashara kubwa. Haikuhongwa, huenda hata haikuombwa sana. Na hapo ndipo penye fundisho. Ushawishi mkubwa kuliko wote ni ule usiohitaji kuombwa. Masilahi ya kampuni na mawazo ya wakubwa yanapokwisha kuchanganyika kama maji na maziwa, hakuna anayeona kwamba ametenda kosa. Kila mmoja hufanya kazi yake: huyu hutuma manowari, yule hutuma matangi, na wa tatu huandika hotuba.

Jambo jingine lastahili kufikiriwa. Serikali ya Uingereza ilikuwa na karibu nusu ya hisa za BP. Sisi tuliokulia katika fikra za Ujamaa tumezoea kuamini kwamba kampuni ikiwa ya umma itatii siasa ya umma. Mfano huu unatuonya. Hisa zile hazikuifanya kampuni isikie neno la serikali. Zaidi zilimfanya anayepaswa kuhukumu awe mshirika katika faida. Kumiliki ni jambo moja, kutawala ni jingine, na uadilifu wa anayetawala ni la tatu.

Atatokea mtu aseme: je, si wajibu wa serikali kutetea mali na kazi za raia wake popote walipo? Kampuni huajiri watu, hulipa kodi, huleta bidhaa. Kwa nini isisikilizwe? Sisi tunajibu kwamba isikilizwe. Mkulima husikilizwa, mfanyakazi husikilizwa, na mwenye kiwanda naye asikilizwe, lakini barazani, mbele ya wengine, akitaja anachokitaka na faida atakayoipata. Ubaya huanza pale mdai anapoingia kwa mlango wa nyuma na kutoka akiwa amevaa joho la hakimu.

Tena katika mambo ya nje pana hatari isiyokuwapo katika mambo ya ndani. Serikali ikiwaonea watu wake kwa ajili ya kampuni, watu hao wanaweza kulalamika, kugoma, na siku ya kura kuiangusha. Lakini mkulima wa Guatemala hakuwa na kura Washington. Mwafrika wa Rhodesia hakuwa na kura London, wala dereva wa lori kwenye barabara ya Zambia. Anayeumizwa na siasa ya nje ya nchi nyingine hana pa kuishtaki. Kwa hiyo siasa ya nje ndiyo mahali ambapo mwenye nguvu huzuiwa na dhamiri yake tu. Na kama dhamiri hiyo imekwisha kukodishwa, hakuna kizuizi kilichobaki.

Na sisi je? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililiona jambo hili mapema. Lilipomkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba, halikuwa likiwaonea wivu viongozi. Lilikuwa likimlinda mshenga asiitwe kando. Mwaka 1991, huko Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa, na mwaka 1995 ikatungwa sheria ya maadili ya viongozi wa umma inayomtaka kiongozi kutaja mali zake. Wapo wanaoona kwamba mabadiliko hayo yalilazimishwa na nyakati, na wapo wanaoyasikitikia. Sisi tunasema hivi: masharti yakiwa makali au yakilegezwa, swali halikuondoka. Kila tunapoweka sahihi kwenye mkataba wa madini, wa gesi, wa bandari au wa ardhi, na kila tunapopiga kura katika mikutano ya mataifa, lazima tujiulize kama aliyetia sahihi na aliyepiga kura ni sisi.

Umaskini hautupi udhuru. Mwaka 1965 tulikuwa maskini kuliko leo, na tulijua bei ya neno letu: pauni milioni 7.5. Tuliilipa. Zimbabwe ilipopata uhuru tarehe 18 Aprili 1980, Mtanzania aliweza kusimama mbele ya Mzimbabwe bila kuinamisha kichwa. Ile ni akiba isiyoandikwa katika vitabu vya benki yoyote, wala wazee waliotuwekea hawakuiweka ili sisi tuitumie kwa siku moja.

Mwalimu atakayesoma makala haya na wanafunzi wake awaulize, wanaposoma habari za mkataba wowote au vita yoyote: sababu inayotangazwa ndiyo sababu yenyewe? Nani atapata faida, na nani atalipa? Na yule atakayelipa, ana baraza gani la kulalamikia? Kijana aliyezoea kuuliza hivyo akiwa darasani hatakuwa mwepesi wa kuitwa kando siku atakapotumwa na taifa lake kusema kwa niaba yetu.