Miaka ya Mzee Ni ya Nani?



Huko Japani, katika kisiwa cha Tokunoshima, aliishi mzee Shigechiyo Izumi, mkulima wa miwa. Alipokufa tarehe 21 Februari 1986, walisema alikuwa na miaka 120 na siku 237, maana kitabu cha leta kilionyesha kwamba alizaliwa mwaka wa 1865. Dunia ilimsifu kuwa mwanamume aliyepita wote kwa umri. Baadaye wachunguzi wakasema: labda aliyeandikwa mwaka ule ni kaka yake aliyekufa mtoto, naye mdogo akapewa jina lile lile. Kama ni hivyo, alikufa na miaka karibu 105. Kitabu cha Guinness hakimtambui tena.

Je, mzee huyu alikuwa mwongo? Sisi tunaona neno hilo ni zito mno. Nani kati yetu anakumbuka siku aliyozaliwa? Tunaambiwa na mama, ao na karatasi. Uongo ni ule uliogunduliwa mwaka 2010 kule Tokyo: jamaa walificha maiti ya baba yao miaka 30 hivi, wakila pesa zake za uzeeni, na leta ikimhesabu mzima wa miaka 111.

Hapa Kolwezi wazee wengi walizaliwa kijijini pasipo karatasi. Karani aliwatazama uso, akaandika «amezaliwa karibu na mwaka wa 1930». Hilo «karibu» ni neno la kweli. Mvuvi akikuambia kwamba maji ya Lualaba yalipozuiwa kule Nzilo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, yeye alikuwa amekwisha kuoa, basi umepata hesabu nzuri kuliko ya karani.

Lakini kuna hesabu nyingine inayotutisha. Tunaisikia katika kartie na, tuseme wazi, hata katika maombi: «Wenzake wote wamekufa, wajukuu wanakufa, yeye anabaki. Anakula miaka yao.» Mtu anasimama kusema ameonyeshwa, na jioni ile mama mzee analala nje. Tangu lini miaka ikawa bukari ya sahani moja, kwamba mmoja akila sana mwingine analala njaa? Mtoto akifa kwa malaria, tuulize kuhusu mbu na dawa. Anayemwongezea mzee miaka ili amsifu, na anayemwongezea ili amshitaki, wote wawili hawakuhesabu kitu.

Farao alimuuliza Yakobo miaka yake (Mwanzo 47). Yakobo akajibu 130, tena akaona ni michache. Farao hakumuuliza aliitoa kwa nani. Alipokea baraka yake, akampa yeye na watoto wake mahali pa kukaa.

Kwa hiyo tunawaomba makarani wa parokia: mkiandika wazee, msilazimishe tarehe. Andikeni walichoona: uhuru wa 1960, vita ya Kolwezi ya 1978, nani alikuwa mgongoni wakati ule. Na mahali pa mwaka, andikeni «karibu».