Ukingoni mwa Genge

Somo: Luka 4, 16–30



Katika milima yetu ya Upare wa Kusini njia nyingi huishia ukingoni. Mtu akaaye Bombo hana haja ya kwenda mbali. Afuata njia ya miguu kati ya migomba na mashamba ya tangawizi, akiamkiana na watu penye nyumba zao. Na mwendo wenyewe ni mfupi, hata mzee mwenye mkongojo aweza kuumaliza kabla ya jua kuwa kali. Mara migomba yakoma, upepo wampiga usoni, na mbele ya miguu yake nchi imekatika. Chini kabisa yang'aa mabati ya nyumba za Maore, na barabara itokayo Same kupitia Kisiwani, ikiendelea Ndungu na Kihurio. Yako majaruba ya mpunga, na baada yake nyika ya Mkomazi iliyonyooka mpaka Kenya, ambayo ilifanywa pori la akiba la wanyama mwaka 1951, na sasa ni hifadhi ya taifa. Husemwa ya kwamba jina hilo ni la Kipare, mko na mazi, yaani maji ya kujaa kijiko tu. Na upande wa kusini, mbingu zikiwa safi, yaonekana milima ya Usambara, ya buluu kama moshi wa jioni.

Siku hizi vijana wa likizo na wageni hupenda kwenda mahali kama hapo, kutazama na kupiga picha. Nao wafanya vema. Mungu mwenyewe alimpandisha mtumishi wake Musa juu ya mlima Nebo, akamwonyesha nchi yote, upande huu na upande huu, kama isemavyo Kumbukumbu la Torati, mlango wa 34. Musa hakupewa kuingia, lakini alipewa kuona, na kuona kwenyewe kulikuwa zawadi. Mkristo asimamaye juu ya genge na kumshukuru Muumba hakupoteza wakati wake.

Lakini Maandiko yajua safari nyingine ya kwenda ukingoni, na hiyo ndiyo tunayotaka kuifikiri mwezi huu. Funguani Biblia zenu, msome habari ya Nazareti yote pamoja, tangu mwanzo wake hata mwisho.

Ilikuwa siku ya Sabato. Bwana wetu amerudi katika mji alikolelewa, na watu wamekusanyika kusali. Alipewa kitabu cha nabii Isaya, akasoma habari njema za maskini na wafungwa na vipofu. Hapo watu wote walipendezwa. Walimsifu, wakaulizana kama huyu si kijana wa kwao, mwana wa Yusufu. Hasira ilikuja baadaye, alipowakumbusha watu wawili wa zamani. Mmoja alikuwa mwanamke mjane wa Sarepta katika nchi ya Sidoni, ambaye Eliya alitumwa kwake wakati wa njaa. Wa pili alikuwa Naamani wa Shamu, jemadari wa adui, tena mwenye ukoma, aliyeponywa siku za Elisha. Wajane walikuwako Israeli, na wakoma walikuwako. Lakini neema ilivuka mpaka ikawaendea wale waliohesabiwa kuwa watu wa nje. Neno hilo ndilo lililowasha moto. Waliondoka wote, wakamtoa mjini, wakampeleka mpaka ukingo wa kilima ili wamsukume chini.

Tazameni, ndugu, ni akina nani waliompeleka. Hawakuwa wanyang'anyi wa njiani, wala askari wa Rumi. Walikuwa watu waliotoka ibadani. Pengine katika kundi lile alikuwako jirani aliyempa maji utotoni, na mzee aliyemwona akijifunza kazi kwa fundi Yusufu. Nao njia waliijua, maana ilikuwa njia ya kwao.

Kusini ya mji wa Nazareti wasafiri huonyeshwa mlima wenye genge, ambao mapokeo yasema ndio wenyewe. Mwaka 2009 Papa Benedikto XVI aliongoza ibada kubwa mahali hapo. Atazamaye kutoka juu yake aliona bonde la Yezreeli limetandazwa chini, na mlima Tabori ukisimama peke yake. Ni mahali pazuri sana. Lakini siku ile ya Sabato nani aliutazama uzuri huo? Macho yao yalikuwa juu ya mtu mmoja tu, na mikono yao ilikuwa mgongoni pake. Basi twajifunza neno la kwanza: uzuri wa mahali haumzuii mtu kutenda dhambi hapo, wala kutoka kanisani hakumzuii.

Neno hili halikuandikwa kwa ajili ya watu wa Nazareti peke yao. Nasi tunalo genge letu. Huko Mbaga, katika milima hii hii, ambako mmisioni Jakob Dannholz wa Leipzig alifanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20, pana jiwe liitwalo Malameni. Wageni hupelekwa kulitazama, nao husimuliwa ya kuwa hapo watoto walitolewa kuwa kafara ili pepo wabaya watulizwe, na ya kuwa desturi hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1930. Tena wazee walijua habari ya kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Katika Upare, kama katika nchi nyingine nyingi za jirani, mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa na mkosi, akauawa. Meno mawili madogo, yaliyotoka mahali yasipotazamiwa, yalitosha kumwondoa mtu duniani.

Tusiwahukumu upesi wazee hao. Hawakuwa wanyama wa mwitu. Walipenda watoto wao kama sisi tuwapendavyo wetu. Lakini waliogopa. Waliogopa mvua isije ikakoma, ng'ombe wasije wakafa, ukoo usije ukakatika. Na hofu ilikuwa na hesabu yake: mmoja akiondolewa, wengi watapona. Hesabu hiyo mama wa mtoto hakuulizwa. Yeye alifundishwa kunyamaza.

Liko neno lingine la kufikiri hapa. Wamisioni wa Leipzig walifungua kituo cha Shigatini katika Upare wa Kaskazini mwaka 1900, na miaka iliyofuata kazi ikaenea katika milima ya kusini. Kama masimulizi ya Malameni ni kweli, basi Injili ilihubiriwa katika milima hii kwa miaka mingi, na lile jiwe lilikuwa halijaachwa bado. Neno la Mungu laweza kufika masikioni na kukaa huko muda mrefu kabla halijashuka mpaka mikononi.

Leo njia ya Malameni ni njia ya watalii, nasi twamshukuru Mungu. Lakini je, njia ile imefungwa mioyoni mwetu? Katika miaka ya 2000 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa katika nchi hii na kukatwa viungo kwa ajili ya uganga. Bibi vizee, ambao macho yao yaliwekundu kwa moshi wa jikoni walipokuwa wakiwapikia watoto na wajukuu, wameitwa wachawi na kuuawa. Mambo hayo twayasikia, twasema ni ya mbali. Basi tuyatazame ya karibu. Yuko mtoto aliyezaliwa na viungo vilivyopooza, ambaye wageni wakija hufungiwa chumba cha ndani. Yuko msichana aliyepata mimba akiwa bado mwanafunzi. Mpaka Novemba 2021 msichana wa namna hiyo hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Tangu hapo serikali imemfungulia mlango. Je, mlango wa nyumba ya baba yake nao umefunguliwa? Na katika benchi la kanisa, akija na mtoto mgongoni, watu humsogelea ama humsogea mbali?

Hakuna asemaye leo ya kuwa anamtupa mtu. Husemwa, twailinda heshima ya ukoo. Husemwa, twauogopa mfano mbaya kwa wengine. Maneno yamebadilika, na hesabu ni ile ile: mmoja aondoke, wengi wapone. Tena kwa kila mtu asukumwaye, mkono umsukumao ni mmoja au miwili tu. Lakini wale wasimamao nyuma wakinyamaza ni wengi, na pengine sisi tu katika hao.

Kayafa, kuhani mkuu, aliifanya hesabu hiyo hiyo juu ya Bwana Yesu. Isomeni katika Yohana, mlango wa 11: yeye aliona ni faida mtu mmoja afe, taifa lote lisipotee. Kayafa alisema kwa hila, wala hakujua ya kuwa kinywa chake kimetamka shauri la Mungu. Hapo ndipo Injili yetu yote ilipo. Huko Nazareti Bwana alipenya kati ya adui zake akaondoka, maana saa yake ilikuwa bado. Saa ilipofika, hakukimbia. Waraka kwa Waebrania, mlango wa 13, watukumbusha ya kuwa aliteswa nje ya lango la mji, mahali pa watu waliotupwa. Alikubali kuhesabiwa kuwa mwenye mkosi. Alikwenda mwenyewe mpaka ukingoni, akasimama pale alipowekwa kigego, pale aliposimama mjane na mkoma, akaanguka yeye ili wao wasianguke.

Basi kafara imekwisha. Hakuna jiwe katika milima hii, wala katika dunia yote, lenye haki ya kudai tena damu au machozi ya mtoto wa mtu. Amwaminiye Kristo msulibiwa hana hofu iwezayo kumshurutisha kumtoa mwingine ili yeye apone, kwa maana yeye amekwisha kuponywa.

Mtauliza, imani hiyo yaonekanaje kwa macho? Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, katika Usambara karibu na Lushoto, liko genge la Irente. Watu wengi hulijua. Wageni hutembea toka mjini mpaka juu yake, wakatazama Mazinde chini na nyika isiyo na mwisho. Huko huko Irente Kanisa letu la Kilutheri lina shule ya watoto wasioona, iliyoanzishwa mwaka 1963, na makao ya watoto wachanga waliofiwa na mama zao. Fikirini jambo hili. Wenye macho huenda ukingoni kutazama mbali. Na karibu na njia yao wapo watoto wasioweza kuiona nyika, nao hufundishwa kusoma kwa vidole. Wapo na watoto wachanga ambao hofu ya zamani ingaliwaita watoto wa mkosi, kwa kuwa mama zao walikufa, nao wanyonyeshwa kwa chupa na kuimbiwa. Hapo genge limepata jirani mwema. Ndivyo ipasavyo kuwa kila mahali palipo na ukingo: Kanisa likae karibu nao, likiwa limenyosha mikono kuwashika watu wasianguke.

Enyi walimu na wainjilisti, nawaomba neno moja lisilohitaji fedha. Mtakapowapeleka watoto wa shule ya Jumapili kutembea mpaka mahali pa kutazamia, kabla hamjatoka, wahesabuni. Kisha ulizeni ni nani asiyekuwapo. Nendeni nyumbani kwake. Kama hawezi kutembea, na abebwe mgongoni, vijana wenye nguvu wakipokezana. Kama haoni, mmoja amshike mkono na kumweleza: sasa tumetoka katika migomba, sasa upepo wavuma toka Mkomazi, sasa chini yetu gari linapita kama mdudu. Mkeeni mbali kidogo na ukingo, mahali salama, mkasome pamoja Luka 4. Watoto waliombeba mwenzao mpaka pale hawatasahau somo hilo hata uzeeni.

Nanyi wazee wa kanisa, mnapokaa barazani kushauriana juu ya mtu aliyekosa, ulizeni kwanza njia mnayomwelekeza yafika wapi. Paulo awaagiza Wagalatia, mlango wa 6, wamrejeze aliyeanguka kwa upole. Maonyo yampasa Mkristo; lakini maonyo yana njia ya kurudi nyumbani, na genge halina.

Nanyi mama zetu, ambao zamani mlifundishwa kunyamaza: katika Kanisa la Kristo hamfundishwi hivyo. Mkimwona mtu anapelekwa ukingoni, semeni.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyepelekwa ukingoni na watu wa kwenu, utusamehe sisi tuliosukuma na sisi tulionyamaza. Uyatakase macho yetu, ili tukiitazama nchi yako nzuri tusiache kumwona ndugu aliye karibu nasi. Uondoe hofu katika nyumba zetu. Uwalinde watoto wote wa milima hii, waendao kwa miguu na wabebwao, waonao na wasioona, mpaka utakapotukusanya sote katika mlima wako mtakatifu. Amina.