Muuzaji Aliyeombwa Shauri

Ndugu msomaji, muuzaji aliyeonyesha kitu chake wazi, akataja bei wala asifiche aibu yake, je, amesalimika na dhima? Wengi watajibu kuwa amesalimika. Nami nilikuwa katika jawabu hiyo mpaka nilipozuru Eldoret nikamkuta mzee wetu mmoja, mtu wa pwani aliyehamia huko kwa biashara, mkono wake umefungwa plasta.

Mzee huyu amepita miaka 60, wala hakupata kupanda baiskeli maishani mwake. Tabibu alimwamrisha auzoeze mwili kazi, naye akaingia dukani akasema, "Mwanangu, mimi si mjuzi wa vyombo hivi, nichagulie kinifaacho." Kijana akamtolea baiskeli ya mashindano: usukani umeinama, tairi nyembamba, kiti kimeinuka hata miguu haifiki chini. Akamwambia hiyo ndiyo ipandwayo na mabingwa. Siku ya tatu mzee alitaka kusimama mteremkoni, mguu ukatafuta ardhi usiipate, akaanguka.

Eldoret si kama miji yetu. Iko kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi na mgeni hupumua kwa taabu. Mtu mzima anayejifunza huko ahitaji fremu iliyoshuka katikati, apande bila ya kurusha mguu. Kiti cha chini, akisimama nyayo ziguse ardhi. Usukani wa kumkalisha wima, tairi pana, na gea nyepesi za kupandia vilima. Hata ile Black Mamba tuliyoizoea, iliyo imara kwa mizigo, ni nzito, haina gea, na chuma chake cha juu hurukwa. Kwa mzee kama huyu ni adhabu.

Nilimwendea mwenye duka. Akanijibu kwa adabu, "Sheikh, baiskeli haina kasoro. Mzee aliiona, akaridhika, akalipa." Ni kweli. Mafakihi wamempa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye aibu, na hapa aibu haikuwa katika chuma, bali katika neno aliloambiwa.

Lau mzee angelinyoosha kidole mwenyewe akasema nataka ile, muuzaji asingedaiwa zaidi ya kutoficha kasoro. Lakini alipoombwa kuchagua alikuwa mshauri, na shauri ni amana. Faida yake haikuwa na haki tena ya kusema. Ikiwa dukani hamna kinachomfaa mzee, yampasa aseme "sinacho", ijapokuwa jirani yake ndiye atakayeuza. Najua ni zito, maana kodi ya duka haingoji.

Na kama kijana hakukusudia kudanganya, bali hajui? Mafakihi humtoza dhamana mwenye kutibu watu bila ya kujua utabibu, hata nia yake ikiwa njema. Sioni kwa nini asiulizwe tajiri amwekaye mbele ya wazee kijana asiyejua ila vyombo vya vijana wenzake.

Wazee nao wana lao: wengi huona haya kusema hawajui kupanda, wakalipa bila ya kujaribu. Lakini huyu wetu alisema.

Mwenye duka alinyamaza kitambo, kisha akauliza baiskeli iko wapi. Nikamwambia imetundikwa ghalani. Akasema ataipokea, lakini kwa nusu ya bei. Na hiyo nusu ya pili tungali tukiizungumza.