Uji wa Katwe na Masazo ya Ubaruku

Katika majira ambayo mpunga wa Usangu huanza kuinamisha vichwa, na maji ya mifereji itokayo Mto Mbarali hufungwa ili majaruba yakauke kabla ya mavuno, huamka pamoja na alfajiri, pale Ubaruku, jeshi dogo la watoto waendao kuamia ndege. Nao hushinda juu ya matuta tangu mwanga wa kwanza hata jua kuchwa, wakivuta kamba zilizofungwa makopo na kupiga kelele mpaka sauti zikawakauka, kwa sababu kundi moja la kwelea kwelea, likipata nafasi ya kutua, laweza kuliacha jaruba na makapi matupu. Miongoni mwao alikuwamo binti wa jirani yangu, wa miaka kama kumi na miwili, ambaye mwaka ule maji yalipopungua, na mama yake akavuna magunia yasiyotosha hata kulipia kodi ya shamba, aliacha kwenda shule pasipo mtu yeyote kumwambia aache.

Usiku mmoja alikuja na wenziwe, wakaketi mkekani uani petu, tukaitazama filamu niliyoletewa kutoka Mbeya, nami nikawa nawafasiria. Ilikuwa ni Queen of Katwe, iliyotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Disney, na mwongozaji wake ni Mira Nair, bibi wa Kihindi aliyeishi Kampala kwa miaka mingi. Yasimulia habari za kweli za Phiona Mutesi, mtoto wa mtaa wa Katwe mjini humo, aliyefiwa na baba angali mdogo mno, akatolewa shule kwa kukosa karo, akauza mahindi barabarani ili nyumbani kupatikane chakula. Mpaka siku moja akamfuata nduguye kwenye kibanda ambamo Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto mchezo wa sataranji, na kutoka hapo akafika Urusi mwaka 2010 katika mashindano makubwa ya dunia. Lupita Nyong'o amemwigiza mama, Nakku Harriet, kwa ukali na upendo visivyoweza kutenganishwa. Ni filamu ya adili, isiyo na neno la kumtahayarisha mzazi aliyeketi na wanawe. Mama huyo na wanawe wafukuzwa katika chumba, mafuriko yaja, binti mkubwa apotelea kwa mwanamume mwenye pikipiki, na hatimaye mama apewa nyumba iliyonunuliwa na mwanawe.

Picha ilipokwisha, mzee mmoja aliyekuwa amejikunyata kando ya ukuta akasema, "Hiyo ndiyo jaza ya subira, Mwalimu. Mungu si Athumani." Watu wakaitikia. Nami niliitikia, kisha nikalala vibaya.

Kwani hoja ya mzee, ijapokuwa ni ya imani, ina mlango wa nyuma. Ikiwa nyumba ile ni jaza ya subira, basi yule ambaye hakupata nyumba alisubiri vibaya. Wamarekani nao walitengeneza mwaka 2008 filamu kama hiyo, ya msichana aitwaye Kit Kittredge, katika mji wa Cincinnati mwaka 1934, wakati biashara zilipoanguka na baba akaenda Chicago kutafuta kazi. Nayo pia yaishia kwa baba kurudi na makala ya mtoto kuchapishwa gazetini. Sina ugomvi na furaha hiyo, maana mtoto aliyeshinda juani ana haki ya kulala na tumaini. Ila hayo ndiyo maneno ya wale rafiki zake Ayubu, yaliyovikwa sura ya kucheka: walishikilia kwamba mtu hupata kadiri ya stahili yake, na Mungu mwenyewe, mwishoni mwa kitabu, akawakemea kuwa hawakunena yaliyo sawa.

Na huyo Ayubu alirudishiwa. Alipewa wana saba na binti watatu, idadi ileile ya wale waliofunikwa na nyumba iliyoanguka, na mifugo maradufu. Nimewauliza akina mama wengi, wa kanisani na wa msikitini, kama mtoto wa pili hufuta kaburi la wa kwanza, na sijapata bado aliyesema ndiyo. Hata wafasiri wa Qur'ani walipoifikia habari ya kurudishiwa kwake walihitilafiana, wakawapo waliosema kuwa ni watoto walewale waliofufuliwa. Nami huona katika kauli hiyo moyo wa mzazi ukikataa kuridhika na hesabu.

Katika filamu yuko mtoto mdogo amwelezaye Phiona kwamba kitunda, ile kete ndogo ya mstari wa mbele, kikifika mwisho wa ubao hugeuka malkia. Watazamaji wote hushangilia hapo. Lakini katika sataranji ya kale, ile iliyochezwa na Waajemi na Waarabu kabla Wazungu hawajaibadili, hapakuwa na malkia: kitunda kilichopenya kiligeuka waziri, na waziri huyo alikuwa mnyonge, mwenye kwenda hatua moja tu ya mshazari. Wazee wale hawakuwa na haraka ya kumwahidi mnyonge enzi. Tena kila upande una vitunda vinane, na aghalabu kimoja hupita kwa kuwa vingine vimekwisha kuliwa. Hata Madina Nalwanga, aliyemwigiza Phiona kwa uzuri ajabu, naye aliteuliwa miongoni mwa wasichana wengi. Waliobaki walirudi makwao.

Yafaa kukumbuka ni kitu gani kilichomvuta Phiona mle kibandani. Hakukuwa kutaka ushindi, maana sataranji hakuijua. Ulikuwa ni uji. Katende aliwapa uji watoto waliofika, mwenye akili na mzito wa kufahamu, na uji huo ulitangulia kabla ya kipaji chochote kuonekana. Kipaji nacho ni riziki, sikatai; ila Mola hakuahidi vipaji kwa kila kiumbe, bali riziki.

Sheria hii ya kulisha pasipo kupima kipaji, Ubaruku yajulikana bila ya kuhubiriwa. Mpunga ukiisha kukatwa na kupigwa juu ya maturubai, huja wajane na watoto kuokota masuke yaliyosalia, na mkulima mwenye haya hujifanya hawaoni. Torati iliamuru pembe za shamba zisivunwe zote, na kwa masazo hayo Ruthu alimlisha mkwewe. Qur'ani nayo huita fungu la mwombaji na la aliyenyimwa kuwa ni haki iliyomo ndani ya mali ya mwenye nacho. Ni neno zito, haki, kwa kuwa haki haimwulizi mwenye kudai kama ni hodari, wala kama alisubiri kwa uso mkunjufu. Kama dhiki ni mtihani, kama tusemavyo kwa wepesi mno tukiwa tumeshiba, basi kwa maoni yangu anayetahiniwa ni mwenye jaruba, si mwokota masuke.

Usiku ule, wengine walipokuwa wakiisifu ile nyumba na bustani yake, binti wa jirani alinisogelea akaniuliza kwa sauti iliyokauka kwa kelele za mchana, "Shikamoo Mwalimu. Wale waliokuwa wanashindwa mchezo, uji walipewa?"

"Marahaba, mwanangu. Walipewa."

Akafikiri kidogo. Kisha akajifunga kanga, akawaaga wenziwe, akaenda kulala, kwa maana ndege wa Usangu huamka mapema.